Dar es Salaam hadi Mumbai moja kwa moja: tathmini ya safari ya India kwa mgonjwa na anayemsindikiza

Abiria wengi wanaopanda ndege ya Air Tanzania kutoka Dar es Salaam kwenda Mumbai hawaendi kutalii. Ukisimama katika foleni ya kaunta, kwenye Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, utawatambua bila kuwauliza: mzee aliyeketi kwenye kitimwendo huku binti yake amekumbatia bahasha kubwa ya picha za eksirei, mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye mabegi mepesi anayotarajia kuyarudisha yakiwa mazito, wanafunzi wanaorejea vyuoni Pune na Bengaluru. Tathmini hii inawahusu wote, lakini nimeiandika nikimfikiria zaidi mgonjwa na ndugu anayemsindikiza, kwa sababu kwao tiketi iliyochaguliwa vibaya hailipwi kwa fedha peke yake. Hulipwa kwa mwili uliochoka kabla haujafika kwa daktari.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mgonjwa ambaye hospitali yake iko Mumbai, ndege ya moja kwa moja ndiyo chaguo la kwanza, na sioni sababu ya kumpitisha kwingine ili kuokoa kiasi cha fedha ambacho kitaishia kwenye chakula cha uwanjani na chumba cha kupumzikia. Kwa anayekwenda Chennai, Vellore, Hyderabad au Delhi jibu halipatikani kirahisi hivyo, na yapo mazingira ambamo ndege ya kupitia Doha, Dubai au Addis Ababa inamfaa mgonjwa kuliko ile ya moja kwa moja hadi Mumbai. Kipimo ninachokitumia si saa za angani. Ni idadi ya mara ambazo mgonjwa atainuliwa alipokaa, ataonyesha karatasi zake, atasubiri kitimwendo, kisha aanze kusubiri upya.

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko shirika linaloiendesha. Watu wa pwani waliivuka bahari hii kwa majahazi yaliyofuata pepo za kaskazi na kusi, na katikati ya karne ya 20 wakaivuka kwa meli za abiria kama Karanja na Kampala, zilizounganisha Bombay na bandari za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Air India ilianza kuruka kati ya Bombay na Nairobi mwaka 1950. Kwa Tanzania, sura ya sasa ilianza 2016, serikali ilipolifufua shirika la taifa kwa ndege mbili za Q400 kutoka Canada. Dreamliner ya kwanza, Boeing 787-8, ilipokewa Julai 2018, na mwaka mmoja baadaye, Julai 2019, safari za Mumbai zikazinduliwa. Hazikukaa sana kabla ya kuvurugika: India ilisimamisha safari za kawaida za kimataifa kuanzia Machi 2020 hadi Machi 2022 kwa sababu ya UVIKO-19, na hata zile chache zilizokuwa zikiruhusiwa ziliyumba, kwani Mei 2021, maambukizi yalipopamba moto nchini India, Air Tanzania ilisitisha safari zake za huko. Baadaye zilirejea, na ndizo ninazozipima hapa.

Umbali kati ya viwanja hivi viwili ni takriban kilomita 4,700, na ndege hutumia kama saa sita hewani. Dreamliner za shirika hili zina viti 262, yaani 22 vya daraja la biashara na 240 vya daraja la kawaida, na vile vya daraja la kawaida hupangwa vitatu vitatu katika makundi matatu yanayotenganishwa na njia mbili. Mpangilio huo una maana kwa mgonjwa: kiti cha kando ya njia humwezesha kuinuka kwenda msalani bila kumwomba mtu yeyote ampishe, na msindikizaji akichukua kiti cha katikati anakuwa karibu naye kwa lolote litakalotokea. Viti hivyo viombwe siku ya kununua tiketi, si siku ya safari.

Kuna jambo moja lisilotangazwa sana, ambalo mimi ningelitaja kabla ya viti na chakula kwa mtu mwenye tatizo la moyo, la mapafu au la upungufu wa damu, nalo ni hewa ya ndani ya ndege. Katika ndege nyingi za kizazi kilichotangulia, shinikizo la hewa ndani huweza kushuka hadi kulingana na lile la mtu aliye mlimani kwenye kimo cha futi 8,000. Ndani ya 787 halishuki chini ya lile la futi 6,000, kwa kuwa mwili wa ndege hii umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo zinahimili shinikizo kubwa zaidi na haziliwi na kutu, hivyo hata unyevunyevu wa hewa unaweza kuachwa juu kidogo. Mtu mwenye afya njema huenda asiione tofauti hiyo. Mgonjwa ambaye damu yake inabeba oksijeni kwa taabu ataiona, na atashuka na kichwa chepesi zaidi. Hilo halimwondolei wajibu wa kupata kibali cha daktari kabla ya kusafiri, ila ni faida halisi.

Saa sita pia ni muda ambao miguu inavumilia. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulionyesha kuwa hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka katika safari zinazozidi saa nne, na huongezeka zaidi kadiri mtu anavyokaa bila kujongea. Kwa hiyo hata katika safari hii mgonjwa anayeweza kusimama atembezwe kila baada ya muda, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwulize daktari wake kuhusu soksi za kubana na dawa. Lakini saa sita za mara moja haziwezi kulinganishwa na saa kumi na tatu au zaidi za ndege mbili na kiti kigumu cha uwanjani katikati yake.

Sasa niseme lile ambalo kwangu ni uzito mkubwa kuliko yote yaliyotangulia: ndani ya ndege hii mgonjwa anahudumiwa kwa Kiswahili. Msomaji kijana anayejua Kiingereza anaweza kuliona jambo dogo. Mfikirie basi bibi wa Songea au Kigoma ambaye hajawahi kupanda ndege, anayebanwa na kifua usiku wa manane, na ambaye msindikizaji wake amepitiwa na usingizi. Katika ndege ya shirika la kigeni atavumilia kimya kwa sababu hana lugha ya kuombea msaada. Hapa atasema, "Mwanangu, kifua kinanibana, naona kama pumzi haitoshi," na mhudumu ataelewa kila neno, pamoja na tofauti iliyopo kati ya kifua kubana, kifua kuchoma na moyo kwenda mbio, ambayo ndiyo taarifa anayoihitaji daktari yeyote atakayekuwa miongoni mwa abiria. Nimewaona wahudumu wa safari hii wakiinama hadi usawa wa masikio ya wazee na kuwaamkia kabla ya kuwauliza wanachohitaji. Shikamoo hiyo humtuliza mtu mwenye hofu kuliko kinywaji chochote.

Udhaifu wa huduma hii uko kwenye uchache wa ndege. Injini za Trent 1000 za Rolls-Royce, ambazo ndizo zinazoendesha Dreamliner za Tanzania, zimeyasumbua mashirika mengi duniani kwa baadhi ya vipuri vyake kuchakaa kabla ya wakati, na ndege za mashirika kadhaa zimelazimika kukaa chini kwa muda mrefu zikisubiri injini. Shirika kubwa lina namna ya kuliziba pengo hilo. Shirika ambalo Dreamliner yake ya tatu ilipokewa Agosti 2024 halina nafasi hiyo, na ndege moja ikikaa chini, ratiba yote ya safari za mbali inaguswa. Abiria anapaswa kulijua hilo anapopanga miadi ya hospitali. Ushauri wangu ni kutoweka miadi ya upasuaji ndani ya saa 48 tangu siku ya kuwasili, na kutazama aina ya ndege iliyoandikwa kwenye tiketi, kwa kuwa shirika linaweza kuweka Boeing 737 MAX 9 mahali pa Dreamliner. Ndege hiyo ni mpya na inaufikia umbali huu bila shida, lakini ina njia moja tu katikati, viti 181, na haina ile hewa ya futi 6,000 niliyoieleza. Kwa mfanyabiashara si hoja. Kwa mgonjwa wa mapafu ni jambo la kumweleza daktari.

Msomaji anastahili pia kujua kwamba Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukaiongeza katika katazo hilo orodha nzima ya mashirika yenye leseni ya Tanzania, ukitaja kasoro za usimamizi wa usalama wa anga. Katazo hilo linahusu anga la Ulaya na haliigusi safari ya India. Mimi sikuacha kuitumia njia hii kwa sababu yake, lakini sitamlaumu atakayeamua vinginevyo, na naamini kwamba mamlaka zetu zinapaswa kuzirekebisha kasoro hizo hadharani, hatua kwa hatua, ili abiria azione zinavyoondoka.

Nikigeukia njia za kupita nchi ya tatu, chaguo ni nyingi. Qatar Airways hupitia Doha, Emirates hupitia Dubai, Ethiopian Airlines hupitia Addis Ababa, na Kenya Airways hupitia Nairobi. Eneo letu lenyewe limepata ushindani mpya, kwani IndiGo ya India ilianzisha safari za Mumbai na Nairobi Agosti 2023, na Uganda Airlines ikaanzisha za Entebbe na Mumbai Oktoba mwaka huohuo kwa ndege yake ya Airbus A330-800. Mashirika ya Ghuba yana ndege nyingi, hivyo safari moja ikiharibika ipo nyingine ya kukuwekea baada ya saa chache, na hilo ni jambo ambalo Dar es Salaam peke yake haiwezi kulitoa.

Tatizo ni kinachotokea katikati. Katika uwanja mmoja wa kupita, ambao siutaji, niliketi na mzee wangu ndani ya ndege mpaka wasafishaji wakaingia na kuanza kukunja mablanketi, na kitimwendo tulichokuwa tumekiomba tangu Dar es Salaam kilikuwa hakijafika. Kilipofika, kijana aliyekisukuma alituacha kwenye eneo la kusubiria lililo mbali na msala, akasema atarudi, na aliyerudi saa mbili baadaye alikuwa mtu mwingine asiyejua tunakwenda wapi. Hakuna aliyetukosea adabu. Ni kwamba katika uwanja unaopitisha watu kwa maelfu, mgonjwa ni namba tu kati ya namba nyingi, na msindikizaji asiyejua kudai hupitwa. Anayelazimika kupita njia hizo achague mapumziko ya saa tatu hadi tano. Chini ya hapo kitimwendo kikichelewa ndege ya pili itakuacha, na juu ya hapo mgonjwa anaumia.

Kuna na suala la homa ya manjano, ambalo wakala wa tiketi mara nyingi halitaji. India hudai cheti cha chanjo kwa abiria anayetoka au aliyepitia nchi inazozihesabu kuwa na ugonjwa huo, zikiwamo Kenya, Uganda na Ethiopia, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Chanjo huhesabiwa kuwa halali kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa. Kwa hiyo anayepanga kupita Nairobi, Entebbe au Addis Ababa ahakikishe kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo, iko ndani ya pasipoti mapema, na mimi ningeibeba hata kwa safari ya moja kwa moja, kwa kuwa ubishi kwenye dawati la afya usiku haumsaidii mgonjwa. Wapo pia wasiostahili kuchanjwa kwa sababu ya kinga dhaifu, kama wagonjwa wengi wa saratani walio kwenye tiba. Hao wapate barua ya daktari inayoeleza hivyo, au wachague njia isiyopita nchi hizo.

Mumbai kwenyewe, ndege hufikia Jengo la Pili la Uwanja wa Chhatrapati Shivaji Maharaj, lililofunguliwa 2014. Ni jengo zuri kweli, lenye nguzo nyeupe zinazotanuka juu kama manyoya ya tausi, lakini mwendo wa kutoka mlango wa ndege hadi uhamiaji ni mrefu, na asiyeweza kutembea sana asione haya kuomba kitimwendo hata kama nyumbani hakitumii. Mwenye viza ya mtandaoni huchukuliwa alama za vidole na picha. Viza ya matibabu ya mtandaoni iko wazi kwa Watanzania, na mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wawili wenye viza yao maalumu ya usindikizaji. Anayeingia kwa viza ya utalii kisha akalazwa hospitalini anajitafutia usumbufu usio na sababu. Tangu Oktoba 2025 kadi ya kuwasili nayo hujazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika, hivyo ijazwe Dar es Salaam mkiwa na intaneti ya uhakika.

Baada ya mizigo ni forodha, na hapa familia zinazobeba fedha za matibabu mkononi zisikilize kwa makini. Anayeingia India na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000 za Marekani, au jumla ya fedha taslimu na hundi za safari inayozidi dola 10,000, anatakiwa kuziandikisha. Kuandikisha hakuna malipo na hakuzuii fedha yako kuingia. Kutoandikisha ndiko kunakoweza kuifanya ishikiliwe. Rupia za India mgeni haruhusiwi kuingia nazo, kwa hiyo asikubali kuuziwa Dar es Salaam.

Mpaka hapo, mwenye hospitali Mumbai amefika, iwe ni Tata Memorial kwa saratani au Kokilaben kule Andheri, na amefika akiwa amebadilisha chombo mara moja tu, kutoka ndege hadi gari. Kwa huyo sina la kuongeza. Anayeendelea mbele ndiye mwenye kazi, kwa sababu kanuni ya India ni kwamba uhamiaji na forodha humalizwa kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia. Hata kama tiketi yako imeandikwa hadi Chennai, begi utalichukua Mumbai, utalipitisha forodha na kulikabidhi upya. Baadhi ya safari za ndani huondokea Jengo la Pili hilohilo, nyingine huondokea Jengo la Kwanza kule Santacruz, ambalo hufikiwa kwa gari kupitia barabara za nje, na tangu Desemba 2025 zipo zinazoondokea uwanja mpya wa Navi Mumbai, upande mwingine kabisa wa jiji. Kwenye tiketi, herufi BOM ni uwanja uliofikia na NMI ni ule wa Navi Mumbai. Anayenunua safari ya ndani kwa kutazama bei tu anaweza kujikuta amenunua ndege ya uwanja asioweza kuufikia kwa wakati.

Kisha kuna uzito wa mizigo, ambao ndio unaowaumiza wengi. Safari za ndani za India kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu za begi la kukabidhi katika daraja la kawaida, na begi la mkononi la kilo 7. Mtu aliyetoka Dar es Salaam na mabegi ya safari ya kimataifa, akiwa amenunua tiketi ya ndani peke yake, hulipishwa kila kilo inayozidi, papo hapo, akiwa amechoka na hana la kufanya. Tiketi ikiwa moja kuanzia Dar es Salaam hadi mji wa mwisho, kiwango cha safari ya kimataifa ndicho kinachofuatwa, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo lenye jukumu la kukutafutia nyingine. Swali la kumwuliza wakala kabla ya kutoa hata shilingi ni hilo: je, tiketi hii ni moja au ni mbili? Akisema ni mbili, mwambie akutafutie namna ya kuwa moja, na akishindwa, hesabu yako ianze upya.

Hesabu ya Chennai ni hii. Kupitia Mumbai, mgonjwa anaruka saa sita, anashuka, anapita uhamiaji, anachukua mizigo, anapita forodha, anakabidhi mizigo tena, pengine anahamia jengo jingine, anasubiri, kisha anaruka kama saa mbili. Kupitia Doha, anaruka kama saa tano na nusu, anasubiri ndani ya jengo lilelile bila uhamiaji wala mizigo, anaruka saa nne na zaidi, na anamaliza taratibu zote Chennai, palepale anapotibiwa. Saa za angani ni nyingi zaidi, ila milango ni michache. Kwa mgonjwa anayeweza kuketi muda mrefu lakini anachoshwa na kuhamishwahamishwa, mwenye kidonda cha mguu kwa mfano, mimi ningechagua Doha au Dubai bila kusita. Kwa yule asiyeweza kukaa ndani ya ndege saa nyingi, mwenye mapafu mabovu au maumivu ya mgongo, ningempeleka Mumbai moja kwa moja, nikamlaza hoteli ya karibu na uwanja usiku mmoja, na kumwendeleza Chennai kesho yake mchana akiwa amelala na kula. Gharama ya chumba hicho iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa kuwa ni sehemu ya nauli kwa mtu wa namna hiyo. Anayekwenda hospitali ya CMC ya Vellore ajue kwamba Chennai si mwisho. Zimebaki kama kilomita 140 za barabara au reli.

Delhi haina mgogoro mkubwa kama huo, maana ipo ndege ya Ethiopian kutoka Addis Ababa na zipo za Ghuba, isipokuwa Desemba na Januari, ukungu wa asubuhi unapochelewesha ndege nyingi. Mumbai nayo ina masika yake makali, Juni hadi Septemba, na mvua ikikolea barabara za kuelekea uwanjani huziba. Anayetoka Arusha au Moshi ana njia yake, kwani Ethiopian na Qatar Airways hutua Kilimanjaro, na kumshusha mgonjwa hadi Dar es Salaam ili tu apande ndege ya moja kwa moja ni kumwongezea mlango ambao hakuuhitaji. Kwa wa Mwanza, Mbeya na Dodoma ni kinyume chake: Air Tanzania inawafikia, na tiketi moja kuanzia nyumbani hadi Mumbai ndiyo ya kuidai.

Huduma kwa wagonjwa wenyewe huanza kabla ya uwanja. Mgonjwa anayehitaji oksijeni, machela, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji anatakiwa kujaziwa fomu ya afya na daktari wake na kuiwasilisha kwa shirika siku kadhaa kabla, na machela huchukua nafasi ya viti kadhaa vilivyokunjwa, vyote vikilipiwa. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe 2015, upasuaji mwingi wa moyo uliokuwa ukipelekwa India unafanyika Muhimbili, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini lina maana pia kwamba wengi wa wanaosafiri sasa ni wale ambao hali zao ni ngumu zaidi. Shirika la taifa lingefanya vyema kuwa na dawati moja la wagonjwa, lenye simu inayopokewa, ambapo fomu, kitimwendo, kiti cha kando na mlo wa mwenye kisukari vinashughulikiwa na mtu mmoja kwa pamoja, badala ya familia kuzunguka kati ya wakala, ofisi na kaunta.

Mwisho ni tarehe ya kurudi. Hospitali husema wiki mbili, kidonda kikachelewa kupona, ikawa wiki tano. Nunua tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe hata kama ni ghali zaidi, na uombe uandikiwe masharti ya kuibadilisha, kwani tofauti ya nauli siku ya kubadili huweza kuzidi faini yenyewe. Ripoti ya kuruhusiwa hospitalini, dawa zikiwa kwenye vifungashio vyake, na barua ya daktari inayosema mgonjwa anaweza kuruka viwe kwenye begi la mkononi la msindikizaji, si ndani ya begi linalokabidhiwa, kwa kuwa kaunta ya Mumbai inaweza kuomba kuiona barua hiyo kabla ya kutoa kadi ya kupandia ndege.